Kuungama Baada ya Miaka Mingi: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa Mkatoliki ambaye hajaungama kwa muda mrefu, iwe miaka miwili au thelathini, na ambaye sasa anataka kurudi lakini hajui aanzie wapi. Anaweza kuutumia pia yule anayeungama kila mwezi huku akihisi kwamba maungamo yake yamegeuka kuwa shairi alilokariri tangu komunyo ya kwanza, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, kiasi kwamba padre angeweza kumsaidia kuyamalizia. Wote wawili huwa na kizuizi kimoja, na mara nyingi si ukubwa wa dhambi zao: wanangoja kwanza wajisikie kuwa na toba. Wanangoja uchungu uwashuke moyoni na machozi yawatoke, ndipo waende. Mapokeo ya Kanisa hayadai hivyo. Yanadai hukumu ya kweli ya akili juu ya yale tuliyoyatenda, pamoja na uamuzi wa utashi wa kuyakataa, na hayo yanawezekana hata kwa mtu ambaye moyo wake umekauka kama kifuu.

Ujue kwanza unakwenda kufanya nini

Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika kikao chake cha 14 cha Novemba 1551, ulifundisha kwamba matendo ya mwenye kutubu ni matatu: majuto, maungamo na malipizi. Karne tatu kabla ya hapo mwanateolojia Thoma wa Akwino alikuwa amekwisha kueleza kwa nini jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kila sakramenti ina kitu kinachotumika na maneno yanayokipa kitu hicho maana yake kamili; katika Ubatizo kitu hicho ni maji, katika Ekaristi ni mkate na divai. Katika Kitubio, yaani sakramenti hii ya maungamo, hakuna maji, mafuta wala mkate. Kinachoshika nafasi hiyo ni matendo yenyewe ya mtu anayetubu, na maneno ya padre, "Nami nakuondolea dhambi zako", huyajia matendo hayo kama vile maneno ya Ubatizo yanavyoyajia maji. Ndiyo maana maandalizi yako si suala la adabu tu, kama mtu anavyojipanga kabla ya kuonana na mkubwa. Wewe ndiwe unayebeba kile ambacho sakramenti inakifanyia kazi. Anayekwenda kuungama bila majuto ya aina yoyote anafanana na mzazi anayempeleka mtoto kubatizwa mahali pasipo na tone la maji.

Ni jambo la pembeni kidogo, lakini kazi kuu ya Thoma ilikatika akiwa katikati ya kueleza sakramenti hii hii. Tarehe 6 Desemba 1273 aliweka kalamu chini na hakuandika tena, na tarehe 7 Machi mwaka uliofuata akafariki. Sehemu iliyobaki wengine waliijaza kwa kutumia maandishi yake ya ujanani.

Hatua ya kwanza: panga siku na mtafute muungamishi

Mtu aliyekaa miaka mingi asijipange kwenye foleni ya dakika ishirini kabla ya Misa ya Jumapili. Padre atakuwa anaitazama saa, walio nyuma yako watakuwa wanakohoa, nawe utaharakisha na kuruka yale yaliyo mazito. Mwombe padre miadi, kwa kusema tu: "Baba, nina muda mrefu sijaungama, ningeomba unipangie saa." Hakuna haja ya kueleza zaidi. Sheria ya Kanisa inakupa uhuru wa kumwendea muungamishi yeyote aliye na idhini, hata kama si paroko wako, kwa hiyo aibu ya kuonana na yule unayekutana naye kila siku haina sababu ya kukuzuia. Ukipenda kuungama nyuma ya wavu ni haki yako, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinaagiza viti vya maungamo viwe na wavu huo.

Kuhusu siri, kanuni ya 983 haina mwanya. Padre haruhusiwi kumsaliti aliyeungama kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, wala kwa sababu yoyote ile, na anayeivunja siri moja kwa moja anaangukia adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo. Haruhusiwi hata kuyatumia aliyoyasikia kwa namna ya kumdhuru muungamaji. Ukilazimika kuungama kwa kutumia mkalimani, mkalimani naye anafungwa na siri. Mapokeo yanamheshimu Yohane Nepomuki, padre aliyetupwa mtoni huko Praha mwaka 1393, kama mfia dini wa siri ya maungamo.

Kuna watu wawili wanaopaswa kuzungumza na padre kabla ya kufika kwenye maungamo yenyewe. Wa kwanza ni anayeishi kinyumba bila ndoa ya Kanisa, kwa kuwa hali yake huenda ikahitaji hatua nyingine kwanza, na ni afadhali ajue hivyo akiwa ameketi kwenye kiti cha kawaida kuliko akiwa amepiga magoti. Wa pili ni aliyehusika na utoaji mimba, ambaye pengine aliwahi kuambiwa kwamba padre wa kawaida hawezi kumwondolea. Tangu Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo huo bila kikomo cha muda. Aende.

Hatua ya pili: chunguza dhamiri

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani dhamiri ni sauti, na wanakaa kimya kuisubiri iseme. Isiposema, wanahitimisha kwamba hawana kubwa la kuungama. Ikipiga kelele, wanahitimisha kwamba wamelaaniwa. Thoma anaieleza dhamiri kwa utulivu zaidi: dhamiri ni tendo la akili, ni pale tunapouchukua ujuzi wetu wa jema na baya na kuulinganisha na jambo mahususi tulilolitenda. Ni kazi kama ya fundi anayeweka rula juu ya ubao. Kwanza iwepo rula, kisha uwepo ubao, kisha ulinganishe. Kusisimka moyoni si sehemu ya kipimo.

Rula ni Amri Kumi za Mungu, amri za Kanisa, na wajibu wa hali yako ya maisha. Ubao ni matendo yako. Anza kwa sala fupi ya kumwomba Roho Mtakatifu mwanga, kisha chukua karatasi na uigawe miaka yako katika vipindi unavyovikumbuka vyema: miaka ya shule, kazi ya kwanza, kabla ya ndoa na baada yake, miaka ya ugonjwa, na kadhalika. Pitia kila kipindi kwa amri moja baada ya nyingine. Usianze na amri ya sita, ambayo watu wengi huikimbilia kana kwamba nyingine tisa ni za mapambo. Amri ya kwanza pekee ina mengi: kwenda kwa waganga na wapiga ramli, kuikana imani ili upate kitu fulani, kumkatia Mungu tamaa, au kinyume chake, kutenda dhambi kwa makusudi ukijiambia kwamba utaungama baadaye. Amri ya tatu ina Misa zote za Jumapili ulizoziacha bila sababu. Amri ya saba ina rushwa uliyotoa na uliyopokea, mshahara uliomcheleweshea mfanyakazi, na saa za kazi ulizolipwa bila kuzifanya. Amri ya nane ina masengenyo, ambayo ni dhambi ya ajabu kwa kuwa mtu huitenda akiwa katika hali ya kujisikia mwema.

Ukimaliza amri, jiulize kuhusu yale uliyoacha kutenda. Katika sala ya Nakuungamia tunasema tumekosa "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu", lakini tunapochunguza dhamiri sehemu hiyo ya nne huwa tunaisahau. Baba asiyewafundisha watoto wake kusali hana tendo la kuonyesha, na kwa sababu hiyo halioni kosa lake. Mwisho pitia vilema vikuu saba, yaani majivuno, uchoyo, uzinzi, hasira, ulafi, kijicho na uvivu. Hivi havitakupa dhambi mpya za kuandika. Vitakuonyesha zile ulizokwisha kuandika zinatoka kwenye shina gani. Mtu mwenye dhambi ishirini kwenye karatasi hugundua kwamba kumi na nne ni matawi ya majivuno.

Saa moja au mbili zinatosha, labda kwa siku mbili tofauti. Anayechukua mwezi mzima ameacha kuchunguza na ameanza kuandika wasifu wake. Mimi niliporudi baada ya miaka kumi na moja nilikuwa na karatasi nne, pande zote mbili. Nikaanza kusoma habari za ugomvi wangu na kaka yangu juu ya shamba la marehemu baba, nani alisema nini, nani alianza, na mashahidi ni akina nani. Padre alisikiliza kwa muda, kisha akasema kwa upole: "Hizo ni dhambi za kaka yako. Zako ni zipi?" Nilitazama karatasi nikaona kwamba katika ukurasa mzima, la kwangu lilikuwa mstari mmoja: kwa miaka sita nimemchukia, na nimekataa kupokea simu yake.

Kutenganisha, kutaja aina na kuhesabu

Dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kikamilifu kwamba ni zito, na aridhie kwa hiari kamili. Likikosekana moja, dhambi hiyo si ya mauti, ingawa huenda ikawa nyepesi. Masharti hayo yanatokana na ukweli kwamba tendo la kibinadamu, katika maana kamili, ni lile linalotoka katika akili na utashi. Ndoto si dhambi. Wazo baya lililokujia ghafla ukalifukuza si dhambi. Pengine ni ushindi. Hofu kubwa, mazoea yaliyokita mizizi na ujinga usio wa kujitakia hupunguza hatia, wakati mwingine sana. Ujinga wa kujitakia, kama wa mtu anayekataa kuuliza kwa kuwa analijua jibu, haupunguzi kitu.

Dhambi zote za mauti unazozikumbuka baada ya kujichunguza kwa bidii, na ambazo hujapata kuziungama, lazima uzitaje kwa aina na kwa idadi. Dhambi nyepesi si lazima, lakini inashauriwa sana. Ukiwa na mashaka kama jambo fulani lilikuwa zito au la, liseme na mashaka yako: "Sina hakika kama niliridhia kabisa." Muungamishi yupo ili asaidie kuamua.

Aina maana yake ni dhambi ipi hasa, pamoja na mazingira yale tu yanayoigeuza kuwa nyingine. "Nimekosa usafi wa moyo" hakumwambii padre lolote. Kulala na mtu asiye mke wako mkiwa nyote hamjaoa wala kuolewa ni uasherati. Mmoja wenu akiwa na ndoa ni uzinzi, kwa sababu hapo umevunjwa pia uaminifu wa haki ya mtu wa tatu. Kuiba ni kuiba, lakini kuiba chombo kitakatifu cha altare ni pia kufuru. Rangi ya nguo, jina la mtaa na jina la mwenzako havigeuzi aina, kwa hiyo viache. Majina ya watu wengine hayatajwi kabisa, kwa kuwa umekwenda kujishitaki mwenyewe.

Idadi isikutie hofu. Ukiijua, itaje, usipoijua, kadiria kwa uaminifu: "karibu kila wiki kwa miaka mitatu", "mara nne au tano", "Misa za Jumapili karibu zote tangu nilipomaliza shule". Tazama tofauti kati ya maungamo mawili ya mtu yule yule. La kwanza: "Baba, sikuwa na upendo, sikuwa mwaminifu, nimekosa katika mambo ya familia." La pili: "Baba, nimeoa. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine ambaye hana ndoa, karibu mara mbili kwa mwezi. Uhusiano huo umekwisha. Katika kipindi hicho nilipokea komunyo mara tatu nikijua hali yangu." La pili ni fupi, ni gumu kulisema, na padre anajua mara moja amsaidie vipi. Yeronimu alikwisha kusema kwamba mgonjwa akiona aibu kumwonyesha tabibu jeraha lake, dawa haiwezi kuponya kile isichokijua.

Kwa wale ambao dhamiri zao zina wasiwasi uliopita kiasi, wanaoungama na kurudi kuungama yaleyale wakidhani hawakueleza sawasawa, kanuni zilizo hapo juu zisiwe kamba ya kujifungia. Inyasi wa Loyola, mwaka 1522 huko Montserrat, aliandika na kuungama dhambi za maisha yake yote kwa siku tatu, na bado baadaye huko Manresa aliteswa na mashaka hayo hadi akashawishika kujiua. Mwenye hali hiyo achague muungamishi mmoja na amtii, hasa anapoambiwa: "Hilo limekwisha, usilirudie." Kutii hapo ni sehemu ya kupona kwake.

Hatua ya tatu: amsha majuto

Trento inaeleza majuto kuwa ni uchungu wa roho na kuichukia dhambi iliyotendwa, pamoja na kusudi la kutotenda dhambi tena. Uchungu wa roho hapa haumaanishi hisia za kifuani. Roho ina akili na utashi. Roho huona uchungu pale utashi unapoligeuzia kisogo jambo ambalo zamani ulilikumbatia, na kulikataa kwa kuwa ni baya mbele ya Mungu. Machozi yakija, mshukuru Mungu. Yasipokuja, hujapungukiwa na kitu kinachohitajika. Nimeona watu waliolia kwa sauti kwenye kiti cha maungamo huku hawajaamua kuacha kitu, na wengine wenye macho makavu waliotoka pale wakaenda moja kwa moja kurudisha mali ya watu.

Majuto ni ya namna mbili. Yale yaliyo kamili yanatokana na kumpenda Mungu kwa ajili yake mwenyewe, na yana nguvu ya kuondoa hata dhambi ya mauti kabla mtu hajafika kwa padre, mradi awe na nia ya kuungama mara atakapoweza. Yasiyo kamili yanatokana na kuona ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu yake. Peke yake hayaondoi dhambi ya mauti, lakini yanatosha kumwandaa mtu kuondolewa dhambi katika sakramenti. Nina sababu ya kulisisitiza hili la pili. Mwana mpotevu wa Luka 15 hakuanza safari yake ya kurudi kwa kumkumbuka baba yake kwa mapenzi. Alianza kwa kulinganisha sahani: "Ni watumishi wangapi wa baba yangu wanaokula chakula na kusaza, na mimi hapa ninakufa kwa njaa." Ni njaa iliyomwinua. Kisha akatunga maungamo yake njiani, neno kwa neno, yakiwa na sehemu tatu: nimekosa, sistahili, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika alisema sehemu mbili za kwanza. Ya tatu haikusemwa, kwa kuwa baba alikwisha kuwaambia watumwa walete vazi. Kwa hiyo mtu anayekuja kwa hofu ya moto au kwa kuchoshwa na maisha yake asijidharau. Aje na njaa yake.

Ili kuyasukuma majuto yako kuelekea ukamilifu, isali sala ya kutubu taratibu, ukisimama kwenye maneno "ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza". Wengi tunayapita mbio, nayo ndiyo yanayobeba sababu kamili ya kujuta. Dakika kumi mbele ya msalaba, ukitazama na kutaja moja baada ya nyingine dhambi ulizoziandika, zinafanya kazi kuliko vitabu vingi.

Kusudi la kutotenda dhambi tena ndilo jaribio halisi la majuto, nalo lina kitendawili chake. Mtu husema: "Najua nitaanguka tena, basi kuahidi ni unafiki." Hapa amechanganya vitu viwili. Kutabiri ni kazi ya akili inayotazama udhaifu uliozoeleka; kukusudia ni kazi ya utashi unaochagua sasa. Mgonjwa wa malaria anaweza kudhani kwamba ataugua tena mwakani na bado akataka kwa dhati kupona leo. Usijijaribu kwa maswali ya kubuni, kama vile ungefanyaje ukikutana na fulani usiku peke yenu. Maswali hayo huamsha vishawishi na hayathibitishi kitu. Jiulize tu kama sasa hivi unataka kuacha, na kama uko tayari kufanya lile dogo lililo mkononi mwako. Hilo dogo liwe na jina. "Nitajitahidi" si kusudi. Kufuta namba ya simu, kubadili njia ya kurudi nyumbani, kumkabidhi mwenzako kadi ya benki, kuacha kukaa na kundi fulani siku za mshahara: haya ni makusudi. Anayesema anaichukia dhambi lakini anaitunza nafasi yake kama mtu anavyotunza ufunguo wa akiba, bado hajaamua.

Hatua ya nne: ungama

Ukishapiga magoti au kuketi, fanya ishara ya msalaba na useme: "Unibariki Baba, kwa kuwa nimekosa." Kisha eleza muda uliopita tangu maungamo yako ya mwisho na hali yako ya maisha kwa sentensi moja, kwa sababu wajibu wa mtawa si wajibu wa mjane wala wa mwanafunzi. Kama umesahau utaratibu, sema hivyo hivyo: "Baba, nimesahau jinsi ya kuungama, nisaidie." Sijapata kusikia padre akikasirishwa na ombi hilo.

Anza na ile dhambi nzito zaidi, ile ambayo usiku wa jana ulikuwa unatafuta namna ya kuizungushia maneno. Ikishatoka, nyingine zitafuata zenyewe. Ukiiacha iwe ya mwisho utakuwa unaizungumzia kimyakimya muda wote unapozitaja nyingine, na kishawishi cha kuimeza kitakua. Mtu akificha dhambi ya mauti kwa makusudi, maungamo yote yanakuwa batili, na anaongeza dhambi ya kufuru juu ya zile alizokuja nazo. Kama uliwahi kufanya hivyo zamani, litaje sasa na urudie dhambi nzito za tangu wakati ule, kwa kuwa maungamo yaliyofuata nayo yalijengwa juu ya ufa huo.

Karatasi inaruhusiwa. Usijitetee, wala usijichafue kupita ukweli. Kujipaka matope mengi kuliko uliyonayo ni namna nyingine ya kujikweza. Malizia kwa kusema: "Kwa dhambi hizi na nyingine zote nisizozikumbuka naomba msamaha kwa Mungu, na kwako Baba naomba kitubio na maondoleo." Jibu maswali ya padre kwa ufupi. Sikiliza kitubio anachokupa, yaani sala au tendo la malipizi, na kama huwezi kukitimiza, mwambie hapo hapo akibadilishe. Sali sala ya kutubu. Kisha nyamaza na usikilize maneno ya maondoleo mpaka mwisho, kwa kuwa wengi huwa bado wanajilaumu kwa kusahau jambo fulani wakati kile walichokijia ndicho kinatendeka.

Hatua ya tano: lipiza na urudishe

Kitubio ulichopewa kitimize siku hiyo hiyo, ikiwezekana kabla hujatoka kanisani. Ukisahau kukifanya, maondoleo hayabatiliki, lakini deni linabaki.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kurudisha. Agostino aliandika kwamba dhambi haisamehewi kama kilichochukuliwa hakirudishwi, akimaanisha mtu anayeweza kurudisha na hataki. Maondoleo yanafuta hatia mbele ya Mungu. Hayageuzi mali ya jirani kuwa yako. Unaweza kurudisha bila kujitaja, kwa bahasha au kwa mkono wa padre. Mwenye mali akiwa amekufa, apewe mrithi wake. Asipojulikana kabisa, maskini. Ukiwa huna uwezo sasa, nia ya kweli ya kurudisha kidogo kidogo inatosha, mradi uanze. Jina la mtu nalo hurudishwa. Uliyemsingizia unawajibika kumsafisha mbele ya wale wale uliowaambia, na kuwaambia wazi kwamba ulisema uongo. Uliyemsengenya kwa jambo la kweli huwezi kusema ulidanganya, kwa hiyo utafute nafasi za kutaja mema yake, na uache kulizungumzia lile lililomchafua.

Siku chache baadaye kuna uwezekano utakumbuka dhambi nzito uliyoisahau. Hiyo imekwisha kusamehewa pamoja na nyingine, kwa kuwa hukuificha. Unaweza kupokea komunyo bila hofu, nawe utaitaja utakapoungama tena. Panga hiyo mara nyingine kabla hujafika nyumbani. Sheria inadai angalau mara moja kwa mwaka kwa mwenye dhambi nzito, kama ulivyoamua Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215, lakini aliyetoka kwenye jangwa la miaka mingi nashauri asipitishe mwezi, kwa muungamishi yule yule, ili asilazimike kueleza historia yake upya. Karatasi uichome, isikae mfukoni wala kwenye droo ambamo watoto hutafuta kalamu.